Soya ya nguruwe: rangi ya kahawia si kipimo

Wafugaji wadogo wa nguruwe wanahama kutoka kwenye dagaa kwenda kwenye soya, na sababu zao ni nzito. Dagaa wa mifugo ni ghali, wanagombaniwa na walaji wa mezani, na mara nyingi gunia linakuja na mchanga ndani. Soya inalimwa Ruvuma, Njombe, Mbeya na Songwe, haiozi haraka, na kilo moja ina protini ya gramu 370 hivi pamoja na mafuta yanayokaribia gramu 200. Sambamba na mabadiliko hayo umeenea ushauri mmoja, kwenye makundi ya simu na kwenye maduka ya pembejeo: usilishe soya mbichi, ikaange mpaka iwe kahawia na inukie. Nusu ya kwanza ya ushauri huo ni kweli tupu. Nusu ya pili inawatia watu hasara bila wao kujua. Moto unafanya kazi mbili ndani ya punje ya soya. Kwanza unavunja kinga ya mbegu inayomzuia nguruwe kumeng'enya protini, halafu ukizidi unaifunga laisini, yaani ile sehemu ya protini ambayo ndiyo hasa tunainunulia soya. Nafasi kati ya kazi hizo mbili ni finyu. Inaamuliwa na joto la katikati ya punje, unyevu wake na dakika ilizokaa motoni, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosomeka kwa rangi ya ganda.

Tuanze na kinga yenyewe. Jambo hili lilionekana mapema: mwaka 1917 Osborne na Mendel, watafiti wa Kimarekani, walionyesha kwamba panya waliolishwa soya hawakukua vizuri mpaka soya hiyo ilipopikwa. Miaka ya 1940 ndipo wahusika wakuu walipotambuliwa, nao ni protini mbili ndogo zinazoitwa vizuizi vya tripsini, cha Kunitz na cha Bowman-Birk. Tripsini ni kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho na kukata protini vipande ndani ya utumbo mwembamba. Kazi yake haiishii hapo, maana ndiyo pia inayoviamsha vimeng'enya vingine vya protini vinavyotoka kongoshoni vikiwa vimelala. Kizuizi kikishaikamata tripsini, mlolongo wote unakwama. Mwili nao hupokea ishara kwamba tripsini haitoshi, kongosho linaendelea kumwaga zaidi, na vimeng'enya hivyo vyenye sistini kwa wingi, sehemu nyingine ya protini iliyo na salfa, vinapotelea kwenye kinyesi. Nguruwe anapoteza mara mbili: hameng'enyi alichokula, na anamwaga vyake. Kwa kuku na panya kongosho huvimba, hivyo ukichinja unaona. Kwa nguruwe halivimbi, na ndiyo maana tatizo linapita kimyakimya, nguruwe anaonekana mzima ila haongezeki uzito.

Pana na lektini, protini nyingine za kinga ya mbegu, ambazo hung'ang'ania ukuta wa utumbo na kuharibu vijinyweleo vinavyofyonza chakula. Hizi na vizuizi vya tripsini huvunjwa na joto, lakini si kwa kasi moja. Kizuizi cha Kunitz huvunjika kwa urahisi kiasi. Cha Bowman-Birk ni kidogo zaidi, kimefungwa kwa viungo saba vya salfa, na kinachelewa. Kwa hiyo dakika za mwanzo za moto zinaondoa sehemu kubwa ya vizuizi, na dakika za mwisho zinaondoa kidogo sana huku laisini ikianza kulipa gharama. Anayesema “nakaanga mpaka sumu yote iishe” analenga shabaha isiyohitajika. Soya mbichi mara nyingi ina zaidi ya miligramu 20 za vizuizi kwa gramu. Ikishushwa chini ya 4 inamtosha hata nguruwe mchanga. Kutafuta sifuri ni kuchoma pesa.

Laisini nayo inaharibikaje? Ina mkono mmoja wa nitrojeni ulio wazi hata ikiwa ndani ya mnyororo wa protini, na mkono huo hushikana na sukari za kwenye punje joto linapopanda. Huo ndio mmenyuko wa Maillard, ulioelezwa mwaka 1912, uleule unaoupa mkate ganda la kahawia na nyama choma harufu yake. Kwa maneno mengine, ile rangi na ile harufu ambazo mfugaji anaambiwa azisubiri ni alama za laisini iliyokwishaanza kufungwa. Kahawia hafifu haina neno. Kahawia ya kahawa, yaani ya buni iliyokaangwa, ni hasara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwahi kuchukua mashudu mazuri ya soya na kuyapika tena kwa mvuke wa shinikizo kwenye nyuzi 125 kwa muda tofauti. Kadiri muda ulivyorefuka, laisini ilipungua kwa kiasi, na ile iliyobaki ikafyonzwa kidogo zaidi. Mashudu yaleyale yalipowekwa kwenye oveni kavu ya nyuzi 125 kwa nusu saa hayakuonyesha madhara. Nyuzi zilikuwa sawa, matokeo yakawa mbalimbali, kwa sababu mvuke unapeleka joto ndani ya chembe upesi kuliko hewa kavu. Anayejadili soya kwa kutaja nyuzi peke yake, bila unyevu na dakika, hajasema kitu.

Hapo ndipo lebo ya mfuko inapodanganya watu bila mwenye mfuko kukusudia. Protini ghafi inayoandikwa kwenye mfuko hupimwa kwa kuhesabu nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, njia iliyotokana na Kjeldahl mwaka 1883. Nitrojeni haijali kama punje ni mbichi, imeiva au imekuwa mkaa nusu. Soya tatu za gunia moja, moja mbichi, moja iliyoiva vizuri na moja iliyoungua, zitasoma karibu namba ileile. Hata kipimo cha jumla ya laisini kinaweza kupotosha, kwa kuwa asidi ya maabara inaiachilia sehemu ya laisini iliyofungwa, kazi ambayo tumbo la nguruwe haliwezi. Kipimo kinachomhusu nguruwe ni kile kinachofyonzwa kabla ya mwisho wa utumbo mwembamba. Protini inayovuka hapo na kuingia utumbo mpana inaliwa na bakteria. Bakteria hao hutengeneza amonia na gesi, na nguruwe hapati laisini yoyote kutoka kwao. Ndiyo maana kupima protini iliyobaki kwenye kinyesi na kusema “kumbe imemeng'enywa” ni kosa: imeliwa, ila si na nguruwe.

Sasa hoja za pande zote. Dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba nguruwe hula kila kitu, na kwamba wapo waliolishwa soya mbichi na hawakufa. Kutokufa si kukua. Hoja hii ina chembe moja ya ukweli inayopaswa kutajwa: jike mkubwa mwenye mimba huvumilia soya mbichi kuliko nguruwe anayekua, kwa sababu mahitaji yake ya laisini kwa kilo ya chakula ni madogo. Kutoka kwa jike huyo watu wanaruka hadi kwa watoto walioachishwa ziwa juzi, ambao vimeng'enya vyao bado ni haba. Wakiharisha, mfugaji anakimbilia sindano ya antibayotiki, na wiki ijayo wanaharisha tena kwa kuwa chanzo kiko kwenye hori. Wengine hudai kwamba mbegu za kisasa hazina kinga hiyo. Ni kweli huko Marekani ilizalishwa soya isiyo na kizuizi cha Kunitz, na nguruwe walioila mbichi walikua vizuri kuliko waliokula soya mbichi ya kawaida. Bado hawakuwafikia waliokula soya iliyopikwa, kwani Bowman-Birk na lektini zilibaki. Na kuianika juani hakusaidii kabisa: jua linakausha punje, halifikishi joto linalovunja vizuizi.

Hoja ya kuni ina uzito zaidi, na siipuuzi. Kupika kunakula kuni, muda na maji, na maeneo mengi ya Nyanda za Juu Kusini kuni si za bure tena. Lakini piga hesabu. Nguruwe watatu wanaokula kilo 2 kila mmoja kwa siku, soya ikiwa asilimia 20 ya chakula, wanahitaji kilo 1.2 za soya kwa siku, yaani kilo 8.4 kwa wiki. Hilo ni sufuria moja kubwa mara moja kwa wiki, mradi soya ilowekwe usiku kucha. Kuloweka ndiko kunakookoa kuni, kwa sababu maji yanakuwa yameshafika katikati ya punje, na punje yenye maji hupoteza vizuizi vyake haraka mno kuliko punje kavu. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea. Yanaondoka na sehemu ya sukari za rafinozi na stakiozi, ambazo moto hauzivunji na ambazo huwajaza gesi nguruwe wachanga. Weka punje kwenye maji yanayochemka, kisha anza kuhesabu pale yanapochemka upya, si pale ulipowasha moto. Pwani, dakika 20 zinatosha kwa soya iliyolowekwa. Mbeya na Njombe si hivyo. Kila mita 300 za mwinuko hushusha joto la kuchemka kwa nyuzi moja hivi, kwa hiyo Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Huko pika dakika 30. Soya isiyolowekwa ipe dakika 40 hadi 45. Uzuri wa maji ni kwamba hayawezi kuvuka joto lake la kuchemka, hivyo dakika 10 za ziada hazileti uharibifu wa maana. Kwa mfugaji asiye na kipimajoto, kuchemsha ni salama kuliko kukaanga, na nashangaa kwa nini kukaanga ndiko kunakohubiriwa.

Kosa la kuchemsha linakuja baadaye, kwenye mizani. Kilo moja ya soya kavu ikishaloweka na kuiva inafika kilo 2 na zaidi. Anayepima kilo 20 za soya iliyochemshwa ikiwa bado imejaa maji, akaziweka kwenye mchanganyiko wa kilo 100, ameweka soya kavu isiyofika kilo 10. Nguruwe wakidumaa anailaumu mbegu. Pima soya kabla ya kuiloweka, uandike. Kosa la pili ni kuihifadhi ikiwa na unyevu. Itandazwe juu ya turubai kwa tabaka jembamba, igeuzwe, mpaka punje ivunjike kwa mlio inapobanwa na meno. Msimu wa mvua usiopata jua, pika ya siku moja au mbili na uilishe ikiwa na maji yake. Soya yenye ukungu ni hatari kuliko soya mbichi.

Wanaotetea kukaanga nao wana hoja nzuri: soya iliyokaangwa inatoka kavu, inasagika mara moja na inahifadhika. Kwa anayeuza chakula hiyo ni faida kubwa. Ila ikaangwe kwa utaratibu. Kwanza ichambuliwe, punje nzima zitengwe na vipande, maana kipande kinaungua wakati punje nzima bado mbichi ndani. Karai juu ya kuni zenye ndimi linatoa punje zenye ganda jeusi na moyo mbichi, na hiyo ndiyo soya mbaya kuliko zote: laisini ya nje imeungua na vizuizi vya ndani viko hai. Mchanga safi uliotangulia kupata moto kwenye karai, au pipa linalozungushwa juu ya makaa, hugawa joto vizuri zaidi. Kwa pipa, lenga punje zitoke zikiwa na nyuzi 115 hadi 125 katikati ya lundo. Pima kwa kipimajoto cha kuchoma ndani ya lundo, kwa kuwa kile kinachopima kwa mwanga bila kugusa kinasoma ganda tu. Halafu inakuja hatua inayorukwa na wengi: usizitandaze papo hapo. Zirundike, zifunike kwa magunia makavu kwa nusu saa, joto liingie katikati na kazi imalizikie hapo bila moto. Baada ya hapo zitandaze zipoe kabisa. Zikitiwa kwenye gunia zikiwa za moto zinaendelea kujipika usiku mzima, na asubuhi katikati ya gunia pana rangi nyingine. Saga ya wiki moja au mbili tu, kwani mafuta ya soya iliyosagwa huchacha.

Hoja ya mwisho ni ya anayesema: ya nini taabu yote hii, nunua mashudu yaliyokwisha kuchakatwa. Kwa mfugaji mwenye nguruwe wengi nakubaliana naye, kwa sharti moja. Mashudu ya kiwanda kikubwa kinachotoa mafuta kwa kiyeyusho, yaani kimiminika kinachoyeyusha mafuta, hupitia mvuke, na yakiwa mazuri karibu asilimia 90 ya laisini yake inafyonzwa, wakati soya nzima iliyopikwa inabaki kama asilimia 80. Soya ya ekstruda, yaani mashine inayoisukuma kwa msuguano hadi nyuzi 140 au 150 kwa sekunde chache, nayo ni nzuri sana. Shida iko kwenye mashine ndogo za kukamulia alizeti zinazopitishiwa soya. Joto lake hutegemea namna zilivyokazwa na kasi ya kulisha mbegu, na mashudu yanayotoka asubuhi kabla chuma hakijapata moto yanakaribia kuwa mabichi. Gunia moja linaweza kubeba mashudu ya saa mbili na mashudu ya saa sita, na hayo ni vyakula viwili tofauti. Sharti langu ni kwamba muuzaji aonyeshe kipimo.

Vipimo vipo, na kimoja kinafanyika nyumbani. Soya mbichi ina kimeng'enya kiitwacho ureasi, ambacho hakimdhuru nguruwe lakini hufa motoni karibu sambamba na vizuizi vya tripsini. Chukua chupa mbili zenye vifuniko. Kwenye moja weka vijiko viwili vya soya iliyopikwa na kusagwa, kwenye nyingine soya mbichi iliyosagwa kwa kiasi kilekile. Kila moja itie kijiko kidogo cha mbolea ya urea na maji vuguvugu ya kulowanisha. Yasiwe ya moto, maana moto utakiua kimeng'enya unachokitafuta. Funga, subiri dakika 20, fungua unuse. Chupa ya soya mbichi itachoma pua kwa amonia. Ya pili ikichoma vivyo hivyo, rudisha soya motoni. Ikiwa na harufu ya mbali tu, imeiva. Baada ya kipimo, fukia mabaki, na urea ikae mbali na watoto na mifugo. Maabara hufanya jambo hilohilo kwa kusoma pH, yaani kipimo cha uasidi, na kupanda kwa 0.05 hadi 0.20 ndiko kunakotakiwa. Lakini ureasi inakamata ubichi peke yake. Ikishakuwa sifuri haikwambii kama punje imeiva au imeteketea. Kwa kuungua, omba kipimo cha protini inayoyeyuka kwenye myeyusho wa asilimia 0.2 wa potasiamu hidroksidi: soya mbichi hukaribia 100, nzuri iko kati ya 78 na 85, na chini ya 70 imeungua. Muuzaji anayekuonyesha ureasi sifuri kwa fahari, bila hiki cha pili, amekuonyesha nusu ya habari.

Makosa haya mawili hayafanani, na hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko mengine. Soya iliyoungua imepoteza vyake tu. Chukua kilo 100 za chakula zenye kilo 20 za soya, laisini gramu 22 kwa kilo: ni gramu 440. Ikifyonzwa kwa asilimia 80 nguruwe anapata gramu 352. Tuseme moto umezidi, ufyonzwaji ukashuka hadi 60: anapata 264. Pengo la gramu 88 linazibwa na gramu 113 hivi za unga wa laisini wa dukani, wenye laisini asilimia 78. Ni gharama, lakini inazibika. Soya mbichi ni jambo jingine. Vizuizi vyake vinaikamata tripsini ya tumbo zima, kwa hiyo protini ya mahindi, ya mashudu ya alizeti na ya dagaa uliobakiza navyo vinapita bila kumeng'enywa. Kumwaga laisini ya dukani juu ya mchanganyiko huo hakurudishi vimeng'enya vilivyofungwa. Asiye na kipimo chochote, akilazimika kukosea, bora azidishe kidogo kuliko kupunguza. Lakini kiwanda kinachouza kwa tani hakina udhuru huo, kwa sababu kina uwezo wa kupima, na wateja wake wanalipia laisini.

Kwa soya ambayo tayari iko stoo na haijulikani hali yake, ipitishe kwenye chupa ya urea leo. Iliyo mbichi inarekebishika: ichemshe upya, hata kama imeshasagwa, ukiikoroga isishike chini. Iliyoungua hairudi. Usiwape walioachishwa ziwa wala jike anayenyonyesha. Itumie kidogo kidogo kwa majike wenye mimba na kwa nguruwe wanaokaribia kuuzwa, pamoja na unga wa laisini. Kwa hawa wa mwisho soya nzima, hata iliyoiva vizuri, isizidi kilo 10 kwenye kilo 100 za chakula, kwa kuwa mafuta yake huyalainisha mafuta ya nguruwe, na mchinjaji anaiona nyama inateleza kisuni.